Siku Hamsini na Mbili Chini ya Nguzo

"Hivi wewe mama, vichochoro vyote hivi vya Guangzhou, ukaona kiti chako ukiweke chini ya nguzo ya wezi?"

Swali hilo Kuluthumu Mbwana aliulizwa mwaka 2004 na jirani yake Melania, msusi wa nywele kutoka Moshi, siku ya kwanza alipotandika sandarusi zake uwanjani. Hakukosa jibu. Alimwambia kuwa wenyeji wanapaogopa mahali pale, kwa hiyo hapatozwi kodi, na mtu mwenye Mungu wake hana sababu ya kuogopa jiwe.

Leo ni Jumamosi ya katikati ya Desemba 2007, na swali lile limepata uzito mwingine. Ni saa kumi na mbili asubuhi. Kuluthumu ameshaswali, ameshakunywa chai yake ya tangawizi kutoka kwenye chupa, na sasa amepiga goti juu ya robota la suruali za jinzi. Mkono wa kulia umeshika shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia. Wa kushoto unavuta uzi wa nailoni mpaka unalia.

Juu ya kichwa chake, kwenye jiwe la nguzo, imebandikwa picha yake mwenyewe. Chini ya picha pameandikwa kwa wino mzito: "Huyu ameniibia robota. Msimpe mzigo."

Picha hiyo ina siku hamsini na mbili.

Kuluthumu ana miaka 43. Ni mzaliwa wa Pangani, mkoani Tanga, mjane mwenye binti mmoja, Safia, ambaye analelewa na bibi yake. Shule aliishia darasa la saba. Kazi yake ni kufunga marobota. Mfanyabiashara akishamaliza kuvutana bei na akina laoban, yaani mabosi wa maduka ya jumla ya Zhanxi, nguo huletwa hapa kwa toroli. Yeye huzipanga, huzikandamiza kwa magoti na kamba, huzivika sandarusi na kuzishona. Kutoka hapo mzigo huenda godauni, halafu lori mpaka bandari ya Nansha, halafu kontena, halafu nyumbani.

Robota moja humpa yuan kumi na mbili. Kabla ya picha alikuwa akifunga marobota ishirini na tano kwa siku, na msimu wa Ramadhani hata arobaini. Baada ya picha, siku njema ni manne. Zipo siku alizokaa kutwa nzima akinoa shazia ambayo haikuhitaji kunolewa.

Uwanja wenyewe uko ndani ya kijiji ambacho jiji limekimeza, nyuma ya masoko, mbele ya jumba la ukoo lenye paa la vigae. Wafanyabiashara wa Kiswahili wanauita Nguzoni. Nguzo ni ya mawe ya kijivu, urefu wake kama watu wawili waliobebana. Usawa wa kifua kuna pete ya chuma iliyoliwa na kutu. Juu kabisa amekaa hakimu wa mawe, mkono mmoja umekatika. Kichwa kiliwahi kuvunjwa zamani, kikarudishwa kwa saruji, na aliyekirudisha hakuwa fundi: hakimu anatazama pembeni, kama mtu aliyeitwa na jirani katikati ya kesi.

Mlinzi wa jumba ni Mzee Leung, mwenye miaka 76. Anazungumza polepole, na Kuluthumu, ambaye amejifunza Kichina cha sokoni, anatafsiri huku akishona.

"Zamani aliyepunja mizani, au aliyeiba samaki kwenye bwawa la watu, alisimamishwa hapa siku tatu za soko," anasema mzee. "Ubao shingoni, jina juu ya ubao. Hapigwi. Anatazamwa tu."

Na nani alikuwa akimvua ubao?

"Aliyemshitaki. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Asipokuja, mtu anabaki."

Hakuna anayekumbuka mgeni wa kwanza kubandika karatasi kwenye nguzo hiyo. Miaka hii biashara ilipopamba moto, wageni wakajaa, polisi wana lugha yao na ubalozi uko mbali, watu wakarithi desturi waliyoikuta. Alibandikwa wakala aliyezima simu akiwa na mzigo wa watu. Kilibandikwa kiwanda kilichouza katoni sitini za viatu, vyote vya mguu wa kushoto. Sheria ya wazee ikaja pamoja na nguzo yao: aliyebandika ndiye anayebandua. Ukijibandua mwenyewe, umekiri. Ukibanduliwa na rafiki, mmekiri wawili.

Ndiyo maana Kuluthumu hajaigusa picha yake, ingawa akisimama juu ya robota mkono wake unaifikia bila taabu.

"Mimi nilimwambia niitoe," anasema Melania, huku akipepea jiko la kuchemshia maji ya nywele. "Nikamwambia, Mama Safia, nitasema ni upepo. Unajua alinijibu nini?"

"Nilimwambia upepo hauna kucha," anadakia Kuluthumu.

"Ana kiburi huyu. Mnamwona anavyofunika kichwa vizuri, anasali mara tano, lakini kiburi anacho."

Kuluthumu habishi. Anaiuma nailoni kwa meno, anatema kipande, anaanza mshono mwingine.

Yaliyompata yalitokana na kazi yake mwenyewe, na jambo ambalo yeye ndiye alilianzisha. Alipofika Guangzhou aliona marobota yanaandikwa namba kwa kalamu ya wino. Mvua za huku hazina huruma. Mzigo ukifika Dar es Salaam, namba zimechuruzika, wachukuzi wanagombana na wenye mali. Yeye akabuni alama nyingine. Kila mteja amletee kanga, akate ukanda kwenye pindo, na ukanda huo aushone kwenye pembe ya robota. Mchukuzi hahitaji kusoma. Anatazama tu rangi na maua.

"Kanga haidanganyi macho ya mtu wa kwetu," anasema. "Yule kijana wa Dar anaweza kusahau namba. Kanga ya mama fulani hasahau."

Ana daftari la kurasa mia lenye vipande vya pindo, kila mteja na chake, kimebanwa kwa pini. Mteja mpya akileta kanga ambayo imo daftarini, anamrudisha akalete nyingine. Kwa miaka mitatu hakuna robota lililopotea.

Mwishoni mwa Agosti mwaka huu, Swalha, mwenye duka la nguo za watoto Kariakoo, aliacha kwake marobota matano ya magauni ya Idi. Pindo lake lilikuwa jekundu lenye korosho nyeupe. Manne yakaingia kwenye kontena lililokuwa tayari. Moja likakosa nafasi, likabaki godauni kusubiri kontena la pili.

Siku mbili baadaye akaja Dullah, wakala wa mizigo, na marobota sita. Alikuwa na simu sikioni, lori la Nansha linapiga honi, na mwadhini wa Alasiri alikuwa ndani ya simu ya Kuluthumu akimkumbusha. Dullah akamrushia mfuko wenye ukanda wa kanga, akaondoka. Kuluthumu akautoa. Mwekundu, korosho nyeupe.

"Nikajua ni mzigo mwingine wa Swalha. Dullah ndiye wakala wake. Sikufungua daftari, sikuuliza. Nikashona yote sita, nikaenda kuswali."

Haukuwa mzigo wa Swalha. Ulikuwa wa Careen, mwenye duka linalotazamana na la Swalha, Kariakoo hiyohiyo. Wanawake hawa wawili walifungua maduka yao mwaka mmoja, na siku ya kufungua waligawana doti moja ya kanga, huyu kipande na huyu kipande, kama marafiki wanavyofanya. Kila mmoja kwa wakati wake akakata pindo la kipande chake kwa ajili ya Guangzhou. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Nani angewaza?

Godauni wakaona alama moja, wakapakia saba pamoja. Dar es Salaam wakaona alama moja, wakashusha saba kwa Careen. Karatasi ilisema sita, lakini mtu akipewa moja la ziada hapigi kelele, na Careen mwenyewe hakuwepo. Alikuwa Machame akimuuguza mama yake mpaka akamzika, na stoo yake ilifungwa kwa kufuli.

Idi ikafika, ikapita. Magauni mia tatu na ishirini yalikuwa hatua kama ishirini kutoka mlango wa Swalha, na Swalha hakuyaona. Gauni la Idi baada ya Idi, kila mwenye duka anajua, ni mzigo wa kukumbatia mpaka mwakani. Alipanda ndege kuja Guangzhou. Godauni wakamwambia wao hupakia kilicholetwa, na kwao hakuna lililobaki. Aliyebaki wa kulaumiwa alikuwa aliyelishona na kulitia alama, Kuluthumu. Tarehe 24 Oktoba, saa nne asubuhi, akaibandika ile picha.

Mambo yakawa ya ajabu kidogo. Watu hawakumtukana. Gitau, mfanyabiashara wa Eastleigh, alisimama akaikagua picha kwa makini.

"Mathe, hii passport yako ni kubwa sana," akasema. "Imigresheni watahitaji ngazi."

Kuluthumu alicheka, Gitau naye akacheka. Halafu Gitau akapakia marobota yake kwenye toroli, akaenda kuyafungisha kwa Wachina mtaa wa pili.

"Kicheko hakikuniuma," anasema Kuluthumu. "Toroli ndiyo iliniuma. Niliitazama mpaka ikakata kona."

Kwa nini hakuhama? Uwanja mwingine usingekosekana, hata kule Kangle kwenye karakana za washonaji angepata pembe.

"Ningehama, ningesema nini kwa Safia? Kwamba mama yake alikimbia jiwe?" Anapima kamba kwa mkono. "Mimi nilijua sikuiba. Mungu alijua. Tulikuwa wawili. Nikasema tutakaa hapahapa, sisi wawili, mpaka wa tatu ajue."

Wa tatu alijua tarehe 5 Desemba. Careen alirudi kutoka Machame, akafungua stoo, akafungua marobota, na kwenye la saba akakuta magauni yenye riboni. Aliita ng'ambo ya kichochoro: "Swalha, njoo uone." Siku ileile simu zikafika Guangzhou. Jioni Nguzoni nzima ilikuwa inajua.

Lakini picha ilibaki. Swalha alikuwa Dar es Salaam, na hakuna mwingine mwenye mkono wa kuitoa.

"Nilimwambia, dada Kulu, sasa si tuitoe tu? Kila mtu anajua," anasema Dullah, ambaye kwa siku hizi anapita hapa akiwa ameinamisha kichwa. "Akaniambia, kila mtu anajua, ila yeye hajasema."

Subira hiyo ina gharama. Kamati ya kijiji imetangaza kuwa kuanzia tarehe mosi Januari hakuna kazi za nje uwanjani. Pembeni mwa jumba la ukoo kipo chumba kimoja kitupu chenye umeme, na Mzee Leung amemwekea Kuluthumu. Ndani yake anataka kuweka mashine kuukuu ya kukandamiza marobota, apumzishe magoti ambayo sasa yanamlilia akipanda ngazi. Kamati inataka sahihi za wafanyabiashara wawili wenye usajili, wamdhamini kuwa ni mtu mwaminifu. Fomu inarudishwa Jumatatu. Sahihi ya kwanza ameweka Dullah, bila kuombwa. Ya pili amezunguka nayo wiki nzima. Wote wamemwambia lilelile, kwa upole: "Picha itoke kwanza, mama."

Fomu iko chini ya kopo la pini, imekunjwa mara mbili.

Saa kumi na mbili na nusu. Mzee Leung anafagia. Melania anapasha maji moto. Anaingia mwanamke mmoja mwenye koti refu la baridi na mkoba mkubwa, anatembea haraka kama mtu anayewahi basi. Ni Swalha. Ametua jana.

"Asalaam aleikum, Kulu."

"Waaleikumu salaam, Bi Swalha. Karibu. Habari za safari?"

"Salama." Anainua macho kwenye nguzo, anayashusha. "Nimekuja kuitoa."

"Saa hizi?"

"Kwani saa hizi zina nini?"

Kuluthumu hasimami. Anaendelea na mshono wake. "Uliibandika saa nne, Bi Swalha. Watu walikuwa wanakunywa chai. Gitau alikuwepo, Dullah alikuwepo, Wakongo walikuwepo. Mzee yule alikuletea ngazi ukaikataa, ukapanda juu ya robota langu."

"Unataka nidhalilike mbele za watu."

"Sitaki udhalilike. Nataka walioiona ikipanda waione ikishuka."

Mkono wa Swalha umeshaingia kwenye mkoba, kama mwenye kitu alichotaka kutoa, kisha unatoka mtupu. Anageuka, anarudi alikotokea, na viatu vyake vinasikika mpaka mwisho wa kichochoro.

Melania anaacha jiko. "Mama Safia. Umemfukuza mtu na dawa yako mkononi mwake. Asiporudi je?"

"Asiporudi sina chumba," anasema Kuluthumu. "Nipe mkasi."

Saa tatu uwanja umejaa. Toroli zinagombania njia. Mchina muuza tambi ameshapanga bakuli zake, na upande wa chai Wakongo wanabishana kwa Kifaransa juu ya bei ya vitenge. Kuluthumu hatazami kichochoroni. Lakini uzi wake leo unakatika, na mara mbili ameichoma shazia mahali pasipo pake akalazimika kuichomoa.

Saa nne kasoro dakika tano, Swalha anatokea. Safari hii anatembea taratibu. Kelele za chai zinapungua, halafu zinakwisha. Gitau anashusha kikombe.

Swalha anasimama mbele ya nguzo. "Nipishe robota lako nipande," anasema.

"Ngoja kwanza." Kuluthumu anainuka, anashika kiuno, magoti yanalia. Anasema kwa sauti ambayo hata wa mwisho kwenye benchi anaisikia. "Na mimi nina langu. Pindo la Bi Swalha lililetwa kwangu mara mbili, kwa mizigo miwili, na sikuuliza mzigo ni wa nani. Daftari lilikuwepo, sikulifungua. Niliwahi sala, na sala ingeningoja dakika moja. Sikuiba. Lakini nilizembea, na watoto wa watu walikosa nguo za Idi. Kuanzia sasa kila robota nauliza jina kwa mdomo kabla ya kushona. Dullah, umesikia?"

"Nimesikia, dada."

"Hata ukiwa na simu sikioni."

"Hata hivyo, dada."

Watu wawili watatu wanacheka kidogo, wanaacha. Kuluthumu anasogeza robota la jinzi mpaka kwenye kitako cha nguzo, analigonga kwa kiganja kuona kama limekaa sawa. "Panda, Bi Swalha. Hilo ni gumu, halibonyei."

Swalha anavua viatu. Anapanda. Tepe imekauka kwenye jiwe, haitoki kwa urahisi. Anaikwangua kwa ukucha, pembe ya kwanza, ya pili. Mzee Leung ameacha ufagio, amesimama mikono nyuma. Pembe ya nne inakataa kabisa, na Swalha anaivuta mpaka karatasi inachanika kidogo penye maandishi. Anaikunja, anaitia mkobani, anashuka. Kwenye jiwe zimebaki alama nne nyeupe, na katikati yake pembenne safi ambapo vumbi la siku hamsini na mbili halikufika.

Wote wanangoja neno. Neno haliji. Swalha anavaa kiatu kimoja, anatafuta cha pili kwa mguu, na macho yake yanaangukia kwenye kopo la pini na karatasi iliyo chini yake, yenye muhuri mwekundu.

"Na hii ni nini?"

Melania ndiye anayejibu, haraka, kabla hajakatazwa. "Ya chumba cha pale jumbani. Wanataka sahihi mbili za kumdhamini. Anayo moja. Inarudi Jumatatu."

Swalha anaichukua, anaikunjua, anaisoma mpaka mwisho, upande wa Kiingereza na upande wa Kichina ambao hawezi kuuelewa. Anainua uso.

"Kalamu iko wapi?"

Kuluthumu anampa ile iliyopo, kalamu ya wino mzito wa marobota. Swalha anaweka fomu juu ya robota, anaandika jina lake lote na namba ya usajili wa duka, anatia sahihi. Wino ni mwingi, unapenya upande wa pili. Anapuliza ukauke. Anairudisha fomu chini ya kopo, anainyoosha kwa kiganja, anarudisha kalamu.

Kisha anafungua mkoba na kutoa kitu alichokuja nacho tangu alfajiri: ukanda wa kanga mpya, bluu, wenye maembe ya njano. Anauweka juu ya daftari.

Kuluthumu anaufungua, anautazama mbele na nyuma, anapekua daftari ukurasa kwa ukurasa mpaka wa mwisho kuona kama haumo. Haumo. Anachomoa pini.

"Mzigo wa nani?" anauliza, kwa mdomo, kama alivyoahidi.

Swalha anajigusa kifua. Anatundika mkoba begani, anapita katikati ya toroli na watu waliompisha, na anatoka uwanjani kuelekea Zhanxi.